Hesabu ya Mara Ngapi

Miongoni mwa mada ambazo wanafunzi wetu husomeshwa katika Kidato cha Pili, sidhani kama ipo inayowafaa wakazi wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro kuliko logarithimu, wala inayosahauliwa upesi kuliko hiyo mara tu mtihani unapokwisha. Na sababu ya hasara hii, kwa rai yangu, si uzito wa somo wala upungufu wa akili za vijana, bali ni kwamba tunawakabidhi jibu kabla ya kuwaonyesha swali. Tunawapa kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, tunawafundisha kupitisha kidole katika mistari na safu zake, nao hutii. Lakini aghalabu hawaambiwi ni haja gani iliyoileta hesabu hiyo duniani.

Haja yenyewe ni bayana. Kila kuzidisha kunakorudiwa kuna maswali mawili. La kwanza huuliza: nikizidisha 2 tano pamoja, nitapata nini? Jibu ni 32, na hapo tumepandisha 2 katika kipeo cha 5. La pili hutokea upande wa pili na kuuliza: 32 ninayo tayari, je, ni 2 ngapi zilizozidishwa hata ikapatikana? Jibu ni 5, na hiyo ndiyo logarithimu ya 32 katika msingi wa 2. Kipeo huenda na logarithimu hurejea kwa njia ile ile, kama kutoa kunavyotengua kujumlisha. Mwanafunzi aliyelifahamu hilo hahitaji kukariri kwamba sifuri haina logarithimu, kwa kuwa ataona mwenyewe kwamba hapana kipeo chochote cha 2 kiwezacho kuzaa sifuri.

Sasa na tuingie katika kihamba. Kwa desturi ya Wachagga, kihamba, yaani ardhi ya migomba na kahawa, hurithiwa na wana, na mlimani hapana pori la kuongeza. Tukadirie kihamba cha eka 8 kinachogawanywa kati ya wana wawili katika kila kizazi: watoto watapata eka 4, wajukuu 2, vitukuu 1. Mzee mwenye busara hataki tu kujua kila mmoja atapata nini kesho. Hutaka kujua ni baada ya vizazi vingapi fungu litakuwa robo eka, isiyotosha kulisha nyumba. Robo eka ni sehemu moja katika 32 za eka 8, na logarithimu ya 32 katika msingi wa 2, kama tulivyoona, ni 5. Vizazi vitano, basi, ndio muhula wa urithi ule uliodhaniwa kuwa ni wa milele.

Kadhalika katika mikopo, hasa ile ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na riba isiyolipwa ikaunganishwa na deni, baada ya mwaka mmoja atadaiwa takriban shilingi 891,600. Lakini swali linaloweza kumwokoa kabla hajatia sahihi ni hili: deni litakuwa maradufu baada ya miezi mingapi? Jedwali lile lile la shule hujibu: katika msingi wa 10, logarithimu ya 2 ni 0.3010, ya 1.2 ni 0.0792, na ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili hupatikana 3.8; yaani haitimii miezi minne. Kwa kanuni hiyo hiyo, sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, hutuambia kwamba kwa mwendo huo tutakuwa maradufu katika muda wa miaka 22 hivi. Kila apangaye shule, zahanati na maji hana budi kuujua muda huo.

Hata mlima wenyewe hutii kanuni hii. Kanieneo ya hewa hupungua kwa nusu, takriban, kila mtu apandapo kilomita 5 na nusu. Ndiyo maana huko Horombo, kwenye mita 3,720, imebaki karibu na thuluthi mbili ya ile ya pwani, na kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, imebaki nusu hivi, naye mpagazi huvuta pumzi kwa taabu. Kupata kanieneo kwa kujua kimo ni kazi ya kipeo. Kinyume chake ni kupima hewa ili kujua kimo, na mwaka 1686 Edmond Halley alikwisha kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa kwa logarithimu.

Majedwali hutangulia darasani kwa sababu ya historia. John Napier wa Uskoti alipoyatoa mwaka 1614, muradi wake ulikuwa kuwapunguzia wanafalaki na wanahesabu mashaka ya kuzidisha tarakimu ndefu. Na ni Leonhard Euler, katika karne ya 18, aliyeieleza logarithimu kuwa ni kinyume cha kipeo. Leo simu ya mkononi huzidisha kwa nukta moja, na haja ya Napier imekwisha. Haja aliyoibainisha Euler ingalipo, na bado tunafundisha kana kwamba ya Napier ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo nawasihi walimu waanze na kihamba, deni na mlima, jedwali lifuate baadaye kama chombo cha kazi. Wala jambo hili lisiachiwe shule peke yake. Moshi ni mji uliozaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, nao ndio makao ya Chuo Kikuu cha Ushirika. Haukosi watu wa kuwafundisha wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, kwa lugha yao na kwa mifano ya maisha yao, namna ya kukadiria muda wa deni kuwa maradufu. Mkulima anayejua kuuliza swali la mara ngapi, na kulijibu, ataukataa mkataba mbaya ungali karatasi, na atakaa na wanawe kuzungumza juu ya kihamba kingali kinatosha kuzungumzwa.