Moto Usiozimika Mwilini

Katika vijiji vya Tunda, na kando ya njia ziendazo Kibombo na Kindu, wako wazee wengi waamkao asubuhi na magoti yaliyokaza, vidole vimevimba, hata kushika jembe ni taabu. Jirani huja akanong'ona: "Baba, vuta bangi kidogo, maumivu yatakwisha." Siku hizi huongeza kwamba hata Wazungu wameigeuza kuwa dawa ya hospitali. Neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake, na kwa sababu hiyo hasa lapoteza watu. Yafaa basi tulitazame polepole.

Kwanza, maumivu hayo ni nini? Zamani, karne ya kwanza, Mrumi mmoja aitwaye Celsus aliandika dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Mtoto akichomwa na mwiba, mguu wake waonyesha zote nne. Damu yakimbilia mahali pale, chembe nyeupe zatoka ndani ya mishipa kupigana na vijidudu, na baada ya siku chache vita vimekwisha, ngozi imefunga. Moto huo ni mwema. Pasipo huo tungalikufa kwa vidonda vidogo. Ubaya ni pale moto usipozimika. Miezi yapita, miaka yapita, nao wazidi kuunguza nyumba uliyowekwa kuilinda.

Yako mambo mengi yauwashayo. Katika ugonjwa wa usubi, uletwao na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi, viminyoo vichanga hufia ndani ya jicho, na mwili ukiwaka juu ya mizoga yao hulitia jicho kovu mpaka mtu apofuke. Katika ukoma, mishipa ya fahamu huweza kuvimba ghafula, hata baada ya mgonjwa kumaliza dawa zake, na asipotibiwa upesi mkono hupooza. Mtoto aliyeumwa koo pasipo kutibiwa huweza kupata homa ya viungo, nayo ikaharibu milango ya moyo wake. Huyo hupewa sindano ya penisilini kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, wala wazazi wasichoke. Kuna pia ugonjwa wa viungo ambao askari wa mwili wenyewe hukosea adui, wakashambulia vidole na viwiko vya bwana wao.

Mafundisho makubwa yamo hapa: maumivu yaweza kufanana, lakini kiwashacho moto si kimoja. Goti lililochakaa kwa umri na mizigo hukaza asubuhi kitambo kidogo tu, kisha hulegea mtu akitembea. Lakini vidole vya mikono yote miwili vikivimba pamoja, na ukavu wa asubuhi ukakaa saa nzima au zaidi, kwa majuma mengi, huo si uzee. Mgonjwa wa namna hiyo ahitaji dawa ituliayo askari wale, kama metotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa juma, si kila siku, tena chini ya macho ya mganga apimaye damu yake.

Turudi kwenye bangi. Mmea huo si wa kwetu; ulitoka Asia, na jina lake la Kiswahili lina asili ya Kihindi. Uliingia bara kwa njia za biashara. Pogge na Wissmann walipofika Kasai mwaka 1881, waliwakuta watu wa Kalamba Mukenge wameufanya kuwa ibada, wakijiita wana wa bangi. Yasemekana mkosaji kwao aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Kumbe hata waliouheshimu mmea huo waliujua vema kuwa waweza kuwa adhabu!

Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, huko Israeli, walikitenga na kukieleza kitu kile cha bangi kileweshacho. Baadaye wataalamu waliona kwamba mwili wetu una milango ipokeayo vitu vya namna hiyo, hata juu ya chembe nyeupe za damu, na katika wanyama wa maabara uvimbe ulipungua. Hapo ndipo penye ule ukweli kidogo. Lakini mnyama wa maabara si babu yako. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 58 wa viungo walijaribiwa kwa majuma matano, baadhi yao wakipewa dawa ya kupuliza mdomoni iliyotolewa katika bangi: maumivu yalipungua kiasi, usingizi ukawa bora, lakini haikuonyeshwa kwamba viungo vyao viliokolewa. Dawa hiyo ilikubaliwa Uingereza mwaka 2010 kwa ajili ya misuli ikazayo ya wagonjwa fulani wa mishipa ya fahamu. Na mwaka 2018 Marekani ilikubali nyingine kwa vifafa vigumu vya watoto. Zote hupimwa kwa kipimo. Moshi wa shambani hauna kipimo, tena wenyewe huwasha vifua, na kwa vijana huweza kuvuruga akili. Sheria ya Kongo yaukataza. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo yakataza dawa za kulevya, isipokuwa kwa haja ya kweli ya matibabu. Na kuvuta gizani nyuma ya nyumba hakumo katika haja hiyo.

Hata hivyo, twaogopa zaidi kidonge kidogo kiuzwacho sokoni, yaani deksametazoni. Mzee hukimeza leo, kesho acheza ngoma. Akiendelea miezi, uso huvimba, mifupa hudhoofu, sukari na shinikizo la damu hupanda, na minyoo iliyolala tumboni huweza kuamka na kumwua. Wako hata wanaokimeza ili wanenepe! Aliyekwisha kukizoea asikiache kwa siku moja, maana mwili wake umesahau kutengeneza kitu hicho. Mganga atampunguzia taratibu. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zasaidia kwa siku chache, baada ya chakula, ila zikimezwa daima hutoboa tumbo na kuchosha figo.

Nyumbani yako ya kufanya: maji ya moto kwa kiungo kilichokaza, kutembea kidogo kila siku badala ya kulala kutwa, kuacha tumbako na lotoko, kusafisha meno, kutoa moshi jikoni, na mizigo mizito ibebwe na wajukuu wenye nguvu. Lakini kiungo kimoja kikivimba ghafula pamoja na homa kali, msingoje hata usiku mmoja.

Hospitali ya Tunda ni ya ndugu zetu Wametodisti. Mkatoliki asione haya kubisha hodi huko. Mzee achukue pakiti za vidonge vyote alivyomeza, na vile vya sokoni pia, na kama alivuta bangi aseme wazi, maana mganga hawezi kuchagua dawa asipojua kilichokwisha kuingia mwilini.