VIDONDA VYA TUMBO: MGONJWA ASINYIMWE MAHARAGE

Vijijini mtu akiambiwa ana vidonda vya tumbo, watu humkataza karibu kila chakula. Hukatazwa maharage, dagaa, ugali wa dona na machungwa. Huambiwa anywe uji na maziwa tu. Baada ya miezi michache amekonda. Hawezi kushika jembe, na vidonda bado anavyo.

Mimi naona desturi hii inafaa tuiache.

Vidonda vya tumbo haviletwi na maharage wala pilipili. Mwaka 1982 huko Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren waligundua vijidudu vinavyoishi tumboni. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Vijidudu hivyo huharibu utando unaolinda tumbo. Kisha tindikali ya tumbo huchoma nyama, kidonda kikatokea. Vidonda vingine huletwa na vidonge vya maumivu, kama aspirini na diklofenaki.

Basi, chakula kina kazi gani? Chakula hakiui vijidudu. Dawa ndizo huviua. Lakini kidonda hupona kwa kuota nyama mpya, na nyama hiyo hujengwa kwa chakula. Maharage, dagaa, mayai na mboga za majani hujenga mwili. Tukimnyima mgonjwa vyakula hivi, tunamdhoofisha.

Maziwa ni chakula kizuri, lakini si dawa ya vidonda. Hutuliza maumivu kwa muda mfupi. Baadaye tumbo hutoa tindikali zaidi.

Mgonjwa afanye hivi:

1. Aende zahanati au kituo cha afya aulize kipimo. Akikutwa na vijidudu, ameze dawa zote kwa siku alizoambiwa, mara nyingi siku 14, hata kama maumivu yamekwisha.

2. Ale kwa wakati, asishinde na njaa. Chakula fulani kikimuumiza, aache hicho tu.

3. Aache tumbaku na pombe. Vitu hivi huchelewesha kupona.

4. Asimeze vidonge vya maumivu bila kumwuliza mganga.

Akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, jirani akiugua vidonda vya tumbo, tusimwongezee miiko. Tumsindikize akapimwe, na nyumbani apewe chakula cha kutosha.