Mbele milango, kisha viti

Kila mara ekipe kubwa ya inchi ingine inafika Lubumbashi kucheza na Tout Puissant Mazembe, swali moja linarudi: uwanja wa Kamalondo ni mdogo, juu ya nini klabu haiupanue? Vijana wetu wanaofanya kazi katika migodi ya Kolwezi, Fungurume na Likasi wanaliuliza. Bazee wa SNCC hapa Kamina wanaliuliza, hata wale ambao moyo wao ni wa Lupopo. Na bamama wanaobaki nyumbani wako na swali lao: ile siku ya match, baba atarudi saa ngapi, na atarudi mzima? Sisi wa sendika tumesikia maswali yote mawili. Tunaona kama hili la pili linapaswa kujibiwa mbele.

Jibu letu tunalitoa wazi. Uwanja usiongezewe hata kiti kimoja kama milango, njia za kutokea na kazi ya kupanga watu hazijatengenezwa kwanza. Siku viti vitaongezwa, viongezwe upande wa pourtour, pale mfanyakazi anakaa. Na feza ya kuvilipa isitoke katika haki ya jamii zinazoishi karibu na migodi.

Watu wengine watasema: ninyi wa Sanga, mambo ya Kamalondo yanawahusu nini? Yanatuhusu. Haut-Lomami inapeleka watoto wake katika migodi ya Lualaba na Haut-Katanga tangu wakati wa Union Minière, na reli ya Kamina ndiyo iliwabeba. Mine, reli na mpira ni jamaa moja katika Katanga. Lupopo ilizaliwa mwaka 1939 kati ya watu wa reli, na mpaka leo tunaiita ekipe ya Cheminots. Mwaka ule ule mapadri Wabenedikto walianzisha Saint-Georges, ile iliyokuja kuwa Englebert na kisha Mazembe. Nani alijaza viwanja vya ekipe hizi miaka yote? Ni mfanyakazi aliyetoka poste ya usiku, akaoga, akavaa shati safi, akaenda kulipa tiketi yake.

Tuanze kwa kutoa heshima panapostahili. Uwanja wa Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, haukujengwa na Serikali. Klabu yenyewe iliujenga chini ya président wake Moïse Katumbi. Katika Afrika, klabu zenye uwanja wao wenyewe ni chache. Mbele ya pale, Mazembe ilikuwa inacheza katika uwanja wa Serikali, Kibassa Maliba, unaochukua watu karibu 35,000. Pale ndipo ilishika kombe la Afrika mwaka 2009. Uwanja wa Kamalondo unachukua karibu 18,000. Kumbe klabu ilitoka pakubwa ikaingia padogo, lakini pake. Ilipata funguo zake, majani yake ya plastiki, taa zake, kalendari yake. Na mwaka 2015 ilimaliza kazi pale pale nyumbani, ikaipiga USM Alger ya Algeria 2-0, ikabeba kombe la tano. Udogo wa uwanja haukuizuia kushinda.

Wale wanaotaka uwanja upanuliwe wako na sababu, na tusizizarau. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili, na 18,000 ni tone katika ndoo. Ekipe iliyokuwa ya kwanza ya Afrika kufika finali ya kombe la dunia la klabu, kule Abu Dhabi mwaka 2010, inaomba nyumba inayolingana na jina lake. Wanakumbusha pia mwezi wa 10 mwaka 2023. Katika mashindano mapya ya African Football League, Mazembe ilipokea Espérance ya Tunis, lakini iliipokea Dar es Salaam, katika uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi karibu 60,000. Watu wa Kamalondo walisikia match ya "nyumbani" kwa redio, sawasawa na sisi wa Sanga. Hiyo iliuma. Na wanasema tena: watu wengi, feza nyingi mlangoni, wachezaji wazuri zaidi.

Tufanye hesabu kama tunavyoifanya mbele ya kuanza kazi. Katika Ligue des Champions, ekipe inayofika katika makundi inacheza match tatu tu nyumbani. Weka robo finali na nusu finali kama Mungu anasaidia. Weka derby ya Lupopo. Hata katika mwaka mzuri, siku za uwanja kujaa mpaka watu kubaki inje hazipiti sita ao saba. Siku zingine, ekipe ndogo ikija katikati ya wiki, viti vinaonekana vitupu. Lakini beton haijui kalendari. Inaomba rangi, fundi, mlinzi na umeme mwaka mzima. Kampuni inayonunua mashine kubwa juu ya kazi ya siku saba, sote tunajua inaishia wapi: inapunguza watu ao inachelewesha mishahara. Klabu nayo iko na wafanyakazi, wale wanaofagia, wanaoendesha bisi. Hao ndio wa kwanza kulipa deni la beton.

Lakini feza si sababu yetu kubwa. Sababu yetu kubwa ni uzima wa watu.

Mu mine ya chini, kama Kipushi ao Kamoto, chef anayejua kazi hatumi watu kuongeza galeri kama mwamba wa juu haujashikiliwa, kama hewa haipiti, na kama njia ya pili ya kutokea haiko. Akifanya vile, tunamuita muuaji hata kama hakuna aliyekufa bado. Uwanja uko vile vile. Ukiongeza watu 10,000 juu ya milango ile ile na barabara ile ile ya kata, umeongeza galeri bila njia ya kutokea. Na Kamalondo ni kata ya watu, yenye nyumba kila upande na njia nyembamba. Siku ya derby, magari, pikipiki na wauza maji wanaijaza mbele hata firimbi haijapigwa.

Tusiseme haya ni woga wa bure. Tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël kule Kinshasa, Vita Club ilikuwa inacheza na Mazembe yetu. Fujo ilianza mwishoni, mabomu ya machozi yalipigwa, watu wakakimbilia milango wakakanyagana. Serikali ilihesabu watu 15 waliokufa. Walikuwa wameenda kuangalia mpira.

Na mtu asituambie kwamba uwanja mpya na mkubwa unaponyesha ugonjwa huu. Tarehe 24 mwezi wa 1 mwaka 2022, katika kombe la Afrika, watu 8 walikufa mbele ya uwanja wa Olembé, kule Yaoundé, Kameruni. Uwanja ule ulikuwa mpya kabisa, wenye nafasi 60,000. Viti havikukosekana. Président wa CAF, Patrice Motsepe, alieleza kwamba mlango uliopaswa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Mlango mmoja tu. Beton ya mamilioni mengi ya dolari ilikuwa pale, na watu walikufa kwa kukosa mtu wa kufungua.

Sisi watu wa mine tuko na sababu ingine ya kuangalia sana milango ya uwanja. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei za vitu, mishahara ikabaki chini. Gouverneur Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, alipigwa risasi akafa, na makumi ya wafanyakazi walikufa pale. Hatulinganishi mkoloni na klabu, hapana. Tunakumbusha kwamba watu wengi wakishaingia mahali penye ukuta, uzima wao unabaki mikononi mwa yule anayeshika milango na yule anayetoa amri. Kwa hiyo anayetaka kuingiza watu wengi zaidi anapaswa kujibu maswali mengi zaidi.

Sasa tuje kwa viti vyenyewe. Katika inchi nyingi, uwanja ukipanuliwa, nafasi mpya zinakuwa za wakubwa: vyumba vya vioo, viti laini, chakula ndani. Ndiyo zinaleta feza, tunaelewa. Lakini mara nyingi mwenye tiketi ya bei ya chini ndiye anasukumwa nyuma ya goli, ao bei inapanda mpaka anabaki inje na redio yake. Ikiwa upanuzi utafanyika vile, basi mfanyakazi atakuwa amesaidia kujenga nyumba asiyoweza kuingia. Tunaomba klabu, siku itakapoamua, itangaze mbele ni viti ngapi vitakuwa vya pourtour na bei yake itakuwa gani. Iandike mbele ya kazi kuanza, si kisha.

Kuna jambo la feza pia. Klabu ikijenga kwa feza yake, ao ya wafazili wake, ni haki yake. Lakini tumeshasikia watu wakisema kwamba kampuni za migodi ao Serikali za chini zinaweza "kusaidia mpira". Hapa tunasema pole pole. Sheria ya migodi iliyogeuzwa mwaka 2018 inapanga kodi ya redevance hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekteri na usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya jamii zilizo karibu. Feza hii iko na wenyewe. Wenyewe ni mama anayechota maji machafu chini ya kilima cha remblai, ni mtoto anayesoma chini ya bati lililotoboka, ni kreseri asiyekuwa na dispanseri. Kuitoa pale na kuipeleka katika beton ya klabu moja, hata klabu tunayoipenda, tunakataa.

Wengine watauliza: sasa siku za match kubwa tufanye nini? Lubumbashi tayari iko na uwanja wa watu karibu 35,000, na ni mali ya Serikali. Kibassa Maliba ukishikwa vizuri kama inavyostahili, siku sita ao saba za mwaka zitapata mahali pake. Na hautafaidisha Mazembe peke yake. Lupopo itacheza pale, Don Bosco itacheza pale, na ekipe ya taifa itakaribishwa Katanga. Kazi ya kuutunza ni ya Serikali, na Serikali ndiyo tunapaswa kuilomba bila kuchoka. Tusiache jukumu lake likamezwe na klabu.

Na kwa klabu tunapendekeza kitu kisicho na gharama kubwa. Code du travail inataka kampuni iwe na komite ya usalama na usafi, ambamo wafanyakazi wanakaa pamoja na wakubwa. Sisi tunajua faida yake: pale komite inafanya kazi kweli, ajali zinapunguka. Juu ya nini uwanja usiwe na komite kama ile? Wakae ndani basapota wa pourtour, watu wa kata ya Kamalondo, Croix-Rouge, polisi na klabu. Wapime milango. Wahesabu dakika ngapi watu wote wanatoka. Wajue nani anashika funguo za kila mlango na amesimama wapi. Wakubaliane tangu mbele kwamba tiketi zikiisha zimeisha, na kwamba hakuna mkubwa anayeingiza watu wake kwa mlango wa nyuma. Kazi hii inaweza kuanza Siku ya Mungu inayokuja, bila mfuko mmoja wa simenti.

Ikishafanyika, na hesabu ikionyesha kwamba watu 18,000 wanatoka bila mtoto kuanguka, hapo klabu irudi kutuuliza juu ya viti. Tutasikiliza kwa roho nzuri, maana sisi pia tunataka kuona vijana wa Sanga wanapata nafasi pale.

Kwenu ndugu wafanyakazi mnaopanda gari toka Kolwezi ao Likasi siku za match: mkifika mlangoni na kuona watu wanasukumana, rudini nyuma. Mlipokuwa mnaanza kazi mulifundishwa kutoka galeri inapoanza kulia. Msiache masomo yale kwa geti ya kampuni. Bibi na watoto wanawangojea na goli mtaisikia hata kwa redio.