Tamko la Wahasibu na Maofisa Ruzuku wa Asasi za Kiraia Kuhusu Masharti ya Fedha za Serikali ya Marekani



Sisi wahasibu, maofisa ruzuku na wakaguzi wa ndani wa asasi za kiraia nchini Tanzania tunatoa tamko hili kuhusu namna asasi zetu zinavyobebeshwa masharti ya ruzuku za serikali ya shirikisho ya Marekani. Masharti hayo tunayafahamu, maana kuyasimamia ndiyo kazi inayotupa mkate. Tunakubali bila kusitasita kwamba fedha ya mlipa kodi, awe wa Ohio au wa Ilala, lazima ihesabiwe hadi senti ya mwisho. Ila kanuni zile zile zinazotudai hati zimempa mpokeaji wa fedha haki zake, na vifungu vya haki ndivyo vinavyoachwa njiani kila mkataba unaposhuka ngazi.

Kanuni zenyewe ni Sehemu ya 200 ya Juzuu ya 2 ya Kanuni za Serikali ya Shirikisho. Zilitolewa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Marekani Desemba 2013 na kuanza kutumika Desemba 2014. Zikarekebishwa kwa kina Aprili 2024, na marekebisho hayo yakaanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Fedha hutoka kwa wakala wa serikali mjini Washington kwenda kwa mshirika mkuu, ambaye mara nyingi ni shirika kubwa la kimataifa. Mshirika mkuu huigawia asasi ya kitaifa, nayo huigawia asasi ya mkoa au ya wilaya. Kila ngazi fedha inapungua. Masharti yenyewe hushuka yakiwa mazima, na mara nyingine yameongezwa uzito na mwanasheria wa ngazi ya juu anayetaka kulala usingizi.

Anayeyapokea huku chini ni nani? Kwa kawaida ni mhasibu mmoja. Ndiye huyo huyo ofisa ununuzi, ndiye mtunza stoo, ndiye anayekwenda benki, na siku ya semina ndiye anayegawa posho na kukusanya saini. Ana masurufu ya watu kadhaa yasiyorejeshwa, ana kitabu cha safari za gari ambacho dereva hujaza akikumbuka, na ana miradi miwili au mitatu ya wafadhili tofauti inayotumia gari moja, jengo moja na mlinzi mmoja.

Tuchukue karatasi ya saa za kazi, kwa sababu hapo ndipo hoja nyingi za ukaguzi huzaliwa. Ofisa wa uwandani anafanya kazi siku tatu za wiki kwenye mradi wa Marekani na siku mbili kwenye mradi wa mfadhili mwingine. Bajeti inasema mshahara wake wote unalipwa na mradi wa kwanza, kwa kuwa siku bajeti inaandikwa mradi wa pili haukuwapo. Mhasibu anafuata bajeti. Mwisho wa mwezi karatasi zinajazwa siku moja, kwa kalamu moja, saa nane kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, hata siku ya Idi. Kifungu cha 430 cha kanuni hizo kinasema wazi kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuthibitisha mshahara. Kinachotakiwa ni kumbukumbu inayoonyesha kazi iliyofanyika kweli, na mwenye miradi miwili mshahara wake ugawanywe kwa miradi yote miwili. Mkaguzi akifika hana haja ya kuwa mkali. Anaweka karatasi hizo kando ya ratiba ya safari za ule mradi mwingine, anaona mtu yule yule alikuwa sehemu mbili siku moja, na gharama inakataliwa.

Gharama iliyokataliwa hurudishwa, na haiwezi kurudishwa kwa fedha ya mradi mwingine kwa kuwa hiyo nayo ina mwenyewe. Inabidi itoke kwenye fedha huru ya asasi, na asasi nyingi za wilayani hazina fedha huru hata ya kununulia wino wa printa. Ndiyo maana mshahara wa mtu mmoja uliokosewa kugawanywa kwa mwaka mzima unaweza kuifunga asasi ambayo haikuiba hata shilingi.

Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, na kwa fedha hizi daftari lenyewe lina bei. Bei yake ni mshahara wa mhasibu anayejua kazi, programu ya hesabu, kabati linalofungwa, ada ya mkaguzi wa nje, na miaka 3 ya kutunza nyaraka baada ya taarifa ya mwisho ya fedha kuwasilishwa, wakati mradi ulishafungwa na hakuna anayelipa kodi ya pango la chumba zilimo. Waandishi wa kanuni walilijua hilo. Kifungu cha 414 kinairuhusu asasi isiyo na kiwango cha gharama za uendeshaji ilichokubaliana na serikali ya Marekani kutoza hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zilizorekebishwa, bila kuambatisha hati za kuthibitisha kiwango hicho. Kabla ya Oktoba 2024 kilikuwa asilimia 10. Kifungu hicho kinaendelea kusema kwamba wakala au mshirika mkuu haruhusiwi kuilazimisha asasi ikubali kiwango cha chini zaidi, isipokuwa pale sheria au kanuni inapotaka hivyo. Mfano wa kanuni ya namna hiyo ni ya Idara ya Afya ya Marekani, iliyoweka asilimia 8 kwa asasi za nje, na hata hiyo inatamka kwamba fedha hiyo ni ya kugharimia utekelezaji wa masharti ya serikali.

Hesabu yake ni hii. Asasi ya wilaya imepata ruzuku yenye gharama za moja kwa moja za dola 100,000, ambamo kuna gari la dola 30,000 na kodi ya pango dola 6,000. Vitu hivyo viwili huondolewa kwenye hesabu. Zinabaki dola 64,000, na asilimia 15 yake ni dola 9,600. Humo mnaweza kutoka mshahara wa mhasibu na sehemu nzuri ya ada ya ukaguzi. Fedha hiyo ikikatwa, asasi itaambiwa mwaka ujao kwamba mifumo yake ni dhaifu. Bado kuna mikataba ambayo mstari wa gharama za uendeshaji umeandikwa sifuri, au umeachwa wazi kana kwamba umesahauliwa. Tunawataka washirika wakuu waujaze kwa kiwango ambacho kanuni inaruhusu, na tunawaambia wakurugenzi wetu kwamba kuomba kiwango hicho si utovu wa adabu mbele ya mfadhili.

Malipo nayo yana kifungu chake, cha 305. Asasi iliyo tayari kuweka taratibu zinazotakiwa hulipwa kabla ya matumizi. Inayolipwa baada ya matumizi, mshirika mkuu anatakiwa kuilipa ndani ya siku 30 tangu apokee dai, labda awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba dai lina kasoro. Wahasibu wanaokaa miezi bila kujibiwa, huku mwenye nyumba akibisha hodi, tunawashauri wakinukuu kifungu hicho kwa namba yake kwenye barua.

Yaliyotokea mwaka 2025 yamelifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na barua za kusitisha kazi zikaanza kufika wiki hiyo hiyo. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada ya maendeleo la Marekani, zimefutwa. Kufikia tarehe 1 Julai shirika hilo lilikuwa limeacha kuendesha misaada, na kazi zilizobaki zimehamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Wasimamizi wa mikataba tuliozoea kuwaandikia barua pepe hawakuwapo tena kujibu.

Katika siku zile ilionekana hati ni kitu gani. Kifungu cha 343 kinasema gharama zinazozaliwa wakati mkataba umesimamishwa au baada ya kuvunjwa hazikubaliki, ila zile zilizotokana na ahadi iliyowekwa kihalali kabla ya siku hiyo, na isiwe ahadi iliyowekwa kwa kuiotea barua ya kusitisha, zinaweza kudaiwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza kazini, kwa miaka isiyozidi 10. Asasi yenye mikataba ya ajira iliyosainiwa na tarehe zake, yenye mkataba wa pango na ankara za wazabuni zikiwa kwenye faili, ilikuwa na msingi wa kudai. Asasi ambayo mikataba ya watu wake iliisha Desemba wakaendelea kwa makubaliano ya mdomo haikuwa na cha kuambatisha, na deni la wafanyakazi likabaki mikononi mwa bodi. Hata pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa, tarehe 5 Machi 2025, kuondoa amri ya jaji iliyoitaka serikali ya nchi hiyo ilipe kazi zilizokwisha kufanyika, anayelipwa alikuwa ni yule mwenye cha kuonyesha kwamba kazi aliifanya.

Kuna masharti mengine ambayo hayana uhusiano na uaminifu wa mtu, yanataka tu ajulishwe mapema. Tangu tarehe 13 Agosti 2020 ni marufuku kutumia fedha hizi kununua vifaa vya mawasiliano vya Huawei na ZTE, pamoja na kamera za ulinzi za kampuni kama Hikvision na Dahua. Sasa mtu wa Kahama anatumwa kununua modemu ya ofisi. Anakusanya ankara kifani tatu, anachagua ya bei nafuu, anachukua risiti ya mashine ya kodi (EFD), anarudi na chenji. Amefanya kila kitu alichofundishwa, na gharama inakataliwa kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye kasha. Sharti hilo limo kwenye mkataba, kwa Kiingereza cha wanasheria, katika kiambatisho ambacho nakala yake haikutoka ofisi ya Dar es Salaam.

Na hapa tunawakumbusha wote kifungu cha 111, ambacho wengi hawajawahi kukisikia. Kinasema pale sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mradi hawakimudu Kiingereza vizuri, mpokeaji wa ruzuku anatakiwa kuwapatia mkataba kwa Kiingereza na kwa lugha wanayoifahamu zaidi. Tafsiri zikipishana, maana ya Kiingereza ndiyo itakayosimama. Kwa hiyo mkataba wa Kiswahili kwa watu wa uwandani ni wajibu wa asasi uliomo ndani ya masharti yenyewe, na wajibu huo unatugusa hata sisi tunaotoa tamko hili. Dereva, mtunza stoo na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndio wanaotengeneza ushahidi ambao mkaguzi ataukagua. Hawawezi kutunza wasichoelezwa.

Bodi za asasi nazo tunazigusa. Tumechoka kuona bodi ikikutana mara moja kwa mwaka kusaini taarifa ya ukaguzi ambayo hakuna mjumbe aliyeisoma zaidi ya ukurasa wa maoni ya mkaguzi. Bodi iulize hoja za mwaka jana zimefungwa au la, iulize usajili wa asasi katika mfumo wa serikali ya Marekani unaisha lini, kwa maana unahuishwa kila mwaka, na iulize kama mkataba umewasilishwa kwa Msajili wa NGO kama kanuni zetu zinavyotaka. Mkurugenzi akimwamuru mhasibu alipe bila hati, bodi iwe upande wa mhasibu.

Serikali yetu tunaitazama kwa sababu nyingine. Septemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitoa mkakati mpya wa afya unaolenga makubaliano ya moja kwa moja na serikali za nchi, badala ya kutegemea zaidi asasi. Popote fedha hiyo itakapopitia mifumo ya serikali, wahasibu wa halmashauri watatakiwa kujibu maswali ambayo wenzao wa asasi wamekuwa wakiyajibu kwa miaka. Wapo watu waliopoteza ajira mwaka 2025 wanaozijua kazi hizi kwa ndani. Tunaomba watumike kuwafundisha wahasibu hao kabla fedha hazijaingia.

Chama chetu kwa upande wake kimeazimia mambo yafuatayo. Tutatoa tafsiri ya Kiswahili ya vifungu vinavyomgusa mtu wa uwandani, kuanzia saa za kazi, ununuzi, matumizi ya gari, hadi kufunga mradi, ambapo asasi ndogo ina siku 90 tu za kukabidhi taarifa zake kwa mshirika mkuu. Mwanachama atakayeletewa mkataba wenye sifuri kwenye gharama za uendeshaji atauleta kwa kamati ya chama kabla mkurugenzi wake hajasaini, na kamati itamwandikia mshirika mkuu ikitaja kifungu na kuomba majibu kwa maandishi. Mwanachama atakayebainika kughushi karatasi za saa za kazi au saini za posho atafikishwa kwenye kamati ya maadili, awe aliagizwa au hakuagizwa.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama,
Dodoma.