Visingizio vya mtafiti na migomba ya Mitunguu

Mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa Mitunguu, Imenti Kusini katika Meru, miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani uliyafikisha maji ya mto Thingithu mashambani kwa mabomba, yakiteremka yenyewe bila pampu. Leo malori ya ndizi hutoka hapa kwenda Nairobi, na wanafunzi wa uzamili na uzamifu nao hawakauki. Huja na hojaji kuuliza habari za maji, madalali, miche ya maabara na magonjwa ya migomba. Wakirudi mjini huandika, na hapo ndipo visingizio huanza. Nimechagua vile ninavyovisikia mara nyingi, nivijibu kimoja kimoja.

"Makala haya hayasomwi na mtu, ni ya kuhitimu tu." Ninajua shinikizo linatoka wapi. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 unamtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mawili katika majarida yanayohakikiwa. Lakini kusema hayasomwi si kweli, na ushahidi uko hapa nchini. Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini na wenzake huko Ufaransa walichapisha utafiti wa panya 200, baadhi yao wakilishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, pamoja na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Haikutimia miezi miwili. Tarehe 8 Novemba Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo, na utafiti huo ukatajwa kuwa sababu. Wataalamu wengine walilalamika kwamba kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa kila jinsia, tena wa aina inayoota uvimbe kwa wingi ikizeeka hata bila kulishwa chochote cha ajabu. Novemba 2013 jarida likayaondoa makala yale. Mhariri alisema hakuona udanganyifu, ila matokeo hayakutosha kufikia uamuzi. Séralini alipinga, na mwaka 2014 akayachapisha upya kwingine. Marufuku ya Kenya ilidumu hadi Oktoba 2022. Sibishani hapa juu ya mahindi yenyewe. Ninachosema ni kwamba kurasa chache za jarida la mbali ziligusa chakula cha nchi nzima kwa miaka kumi, na aliyeziandika hakuwa na habari ya mkulima wa Imenti Kusini.

"Kujaza hojaji chache zilizobaki si kosa, wakulima wote hujibu vilevile." Hiki ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu anayesema hivyo alifika shambani na hakutazama. Mkulima mmoja atakuonyesha mgomba ambao majani ya chini yamegeuka manjano na kuning'inia. Ukilikata shina, unakuta ndani michirizi ya kahawia nyekundu. Huo ni mnyauko wa Panama, na kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi. Jirani yake, hatua chache tu, amepanda aina inayostahimili ugonjwa huo na shamba lake ni kijani kitupu. Mwenye shamba mwanzoni mwa bomba na aliye mwisho wake hawasimulii kiangazi kimoja. Anayekutajia bei ya mkungu, iliyokadiriwa kwa macho na dalali, hajakupa kipimo sawa na anayekutajia bei ya kilo. Ukikaa chumbani ukajaza hojaji zilizobaki, utaandika majibu ya katikati, na tofauti ulizozifuta ndizo ulizotumwa kuzitafuta. Kisha mtu atautumia wastani wako kushauri miche ipi ipandwe, na mkulima atangoja mwaka na zaidi kabla ya kuvuna mkungu wa kwanza na kugundua kwamba ushauri ule haukufaa. Kupika takwimu kuna anayelipia, ila hayumo kwenye orodha ya waandishi.

"Kuweka jina la mkuu wa idara ni heshima." Heshima ina mahali pake, nayo ni sehemu ya shukrani. Kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, zinazofuatwa hata nje ya tiba, zinamtaka mwandishi awe amechangia kwa kweli, ameshiriki kuandika au kuhakiki rasimu, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Mkubwa ambaye hajaisoma rasimu anawajibikia nini? Na kuna upande wa pili tunaousahau: anayechangia kisha akaachwa nje. Mwaka 2000 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walilalamika kwamba wenzao wa Uingereza waliomba hataza ya chanjo ya majaribio ya UKIMWI bila kuwashirikisha, ilhali utafiti ulitegemea kazi ya miaka mingi na wanawake wa mtaa wa Majengo, Nairobi. Baada ya mvutano wakakubaliana kugawana umiliki. Tuliona uchungu huo kama taifa. Basi kijana wa Mitunguu aliyezunguka nawe, akatafsiri maswali kwa Kimeru na kukurekebishia yasiyoeleweka, asiachwe bila hata kutajwa.

"Kuandikiwa ni biashara tu, vijana wanapata riziki." Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford anawafuata Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo, imeonyesha jinsi vijana hao walivyo na uwezo mkubwa. Simlaumu mwenye njaa kwanza. Namlaumu anayetia sahihi chini ya kazi asiyoweza kuieleza.

"Kama kuna kosa, wahakiki wangeliona." Mhakiki husoma ulichoandika, haji Mitunguu kuhesabu migomba. Na jarida linalokukubalia siku chache baada ya kupokea malipo huenda halijampa mhakiki yeyote.

"Mkulima alishanunuliwa soda." Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hakikupi ruhusa ya kuanika deni la mtu na eneo kamili la shamba lake, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Zaidi ya sheria, mrudishie matokeo: ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kimeru, usomwe katika kikao cha wakulima, nao wapate nafasi ya kukupinga.

"Yakishachapishwa, yamekwisha." Hapana. Ukigundua mwaka mmoja baadaye kwamba msaidizi wako alijaza fomu kadhaa akiwa nyumbani kwake, mwandikie mhariri wiki hiyo hiyo. Taja fomu zipi, fanya hesabu upya bila hizo, omba marekebisho yachapishwe au makala yaondolewe. Kisha mpigie simu afisa wa kilimo uliyempa nakala, umwambie ni jedwali lipi asilitumie.