Chifu wa Lanet Umoja alituonyesha

Kuhusu ukarimu mtandaoni, nina mfano wa hapa Kenya: Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru. Kufikia mwaka 2012 vyombo vya habari vya nje vilikuwa vinamwandika kwa sababu ya Twitter yake. Na alikuwa akiandika nini? Kondoo wa fulani amepotea. Wezi wamevamia kwa jirani, tokeni mkasaidie. Shida za wengine tu! Hata wenye simu za kawaida, zisizo na intaneti, walipata ujumbe wake kwa SMS, na watu walitoka kweli. Natamani wenye wafuasi wengi leo wamtangaze hata mama mboga wa mtaani kwao, bila malipo.