Breki kwanza, mota baadaye

Vijana wenzangu, kuna baiskeli moja mtaani ambayo pengine umeipita mara mia bila kuiangalia vizuri. Ina magurudumu matatu na kiti kipana, na pedeli zake haziko miguuni bali mbele ya kifua. Mwenyewe huzungusha kwa mikono, cheni inavuta gurudumu la mbele, na safari inasonga. Kwenye lami tambarare ni poa kabisa. Shida ni mlima.

Huku kwetu Kangemi, milima si hadithi. Kuna mzee mmoja aliyeugua polio utotoni, anauza njugu na peremende stejini. Kila asubuhi alikuwa akifika chini ya mlima na kungoja kijana wa kumsukuma, kisha anamtoa shilingi 50. Akikosa mtu, alijikokota mwenyewe na kufika steji saa nne, wakati wateja wake wa asubuhi washapanda matatu zamani.

Mwaka jana, mimi na mabeste wawili tuliamua kumaliza hiyo shida. Tulikuwa na mota ya gurudumu tuliyoitoa kwenye skuta ya umeme iliyokufa. Tukachomelea, tukafunga betri chini ya kiti, tukatoa simu kupiga video. Mzee alipanda ule mlima kama mchezo. Watu wakapiga makofi. Tukajiona mainjinia.

Kisha akageuza kurudi. Breki ilikuwa ile ile ya zamani, kipande cha mpira kinachosugua tairi la mbele, na sasa baiskeli ilikuwa nzito zaidi. Aliishia kwenye kibanda cha mama mboga. Shukuru Mungu alichubuka kiwiko tu. Nilipokimbia kumwinua, hakunigombeza. Aliniuliza, "Kijana, mbona hamkuniuliza? Kupanda huwa nasukumwa. Kushuka ndiko kunaniogopesha."

Ile video tuliifuta. Lakini swali lake bado ninalo, na ndilo linanifanya nikuandikie.

Sisemi uache kuweka mota. Kinyume chake. Hebu piga hesabu nami. Mtu, baiskeli na mzigo wake vikiwa kilo 120, kupanda mlima unaoinuka mita 5 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kunahitaji zaidi ya wati 160. Hapo hata hatujahesabu mashimo na vumbi. Mikono haiwezi kutoa nguvu hiyo kwa muda mrefu, na yeye hana mikono mingine: hiyo hiyo ndiyo humwinua kitandani, humwogesha na kumpakia kwenye kiti. Bega likiharibika, haharibikiwi na safari peke yake, anaharibikiwa na siku nzima. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema mota itamfanya mvivu, muulize kama yeye huenda kazini kwa miguu.

Na vifaa si vya ajabu. Mota ndogo ya wati 250 inatosha. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360, yaani inaweza kulisha mota hiyo kwa nguvu zake zote kwa karibu saa moja na nusu. Kwa kuwa si safari yote ni mlima, mtu wa mtaani anaenda na kurudi bila wasiwasi, kisha anachaji usiku. Bodaboda za umeme zimejaa Nairobi, na vijana wanaojua kontrola na nyaya zake wanaongezeka. Mafundi wa kuchomelea wako Kamukunji na Kariobangi. Ujuzi tunao. Kinachotukosa ni utaratibu wa kuanza na mtu badala ya kuanza na mota.

Nikikwambia tulichokosea, labda wewe hutarudia.

Kwanza, baiskeli hizi ziliundwa kwa mwendo wa mikono. Ukiongeza mwendo mara mbili, breki inalazimika kumeza nguvu mara nne. Kwa hivyo weka breki za kweli kwenye magurudumu ya nyuma, na uweke swichi inayokata mota mara tu breki inaposhikwa. Ongeza pia breki ya kuegesha, kwa sababu mtu anayehama kutoka kitini hawezi kuizuia baiskeli kwa mguu. Halafu punguza mwendo kwenye kontrola. Kiti kiko juu, kona ni kali, na baiskeli ya magurudumu matatu hupinduka. Mzee wetu hahitaji kushindana na nduthi.

Pili, mhimili wa mota ya gurudumu hujaribu kujizungusha ndani ya fremu. Bila chuma cha kuushikilia, fremu hupanuka na gurudumu linaweza kuchomoka. Hili halionekani siku ya kwanza ya video. Linaonekana mwezi wa tatu.

Tatu, na hili lilinitia aibu kuliko yote: betri tuliifunga chini ya kiti. Mzee wetu anahisi miguu yake vizuri, polio haikumwondolea hisia. Lakini mtu aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuungua bila kujua hadi aone kidonda. Betri ikae nyuma, ndani ya kisanduku, na iwe na fyuzi. Na zile seli kuukuu za laptopu unazookota kwa bei ya mkate, tafadhali ziache huko huko. Zikishika moto, mimi na wewe tutaruka na kukimbia. Yeye atatoka vipi?

Nne, usiondoe pedeli za mkono. Stima ikikatika usiku kucha, na inakatika, asubuhi mtu bado lazima afike kazini.

Mambo haya yote, ukiyaangalia, yangejulikana kwa dakika kumi za mazungumzo. Unashuka wapi? Mkono gani una nguvu? Unahisi wapi na hupahisi wapi? Unalala wapi na baiskeli, na hapo pana soketi? Hatukuuliza kwa sababu vichwani mwetu tulikuwa tukitoa msaada, na anayepewa msaada tulidhani kazi yake ni kusema asante. Angekuwa mteja anayelipa, tungemuuliza hata rangi.

Ndiyo maana nasema tuwatendee kama wateja, hata pale ambapo pesa inatoka kwingine. Na pesa inapaswa kutoka kwingine. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya hali yake. Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na hazina yake ya maendeleo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 385,000 wa miaka 5 na zaidi wenye ugumu wa kutembea. Lakini tumezoea kuona nini? Hafla, hema, mheshimiwa, picha, baiskeli mpya zimepangwa mstari. Miezi sita baadaye tairi limepasuka na hakuna anayejua spea inatoka wapi. Pesa za vifaa ziwe na fungu la matengenezo, na fundi wa mtaani alipwe kwa kazi hiyo. Hapo kijana anapata kazi na mzee anapata baiskeli inayotembea.

Najua utaniambia barabara ndizo mbovu, mota haitajenga njia ya watembeaji. Ni kweli, na hilo tuendelee kulipigia kelele. Lakini mlima wa Kangemi hautalainishwa na bajeti ya mwaka ujao, na njugu zinauzwa asubuhi ya kesho.

Sisi tulirudi kwa mzee, safari hii na daftari. Ilituchukua wikendi nne. Breki mbili nyuma, betri ndani ya kisanduku mgongoni mwa kiti, mwendo usiozidi kilomita 12 kwa saa. Yeye ndiye aliyechagua kitufe kikae mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio hupokea pesa. Alisisitiza kulipia vyuma, shilingi 200 kila wiki, na hadi sasa hajaruka hata moja. Mama mboga naye tulimlipa nyanya zake.

Kwa hivyo wewe uliye chuoni unayetafuta mradi wa mwisho wa mwaka, au uliye gereji na mota imelala kwenye kona, nenda stejini kwenu. Acha mota nyumbani siku hiyo ya kwanza. Msalimie, nunua njugu, kaa chini, kisha umuulize anaogopa nini akiwa barabarani. Anza kuunda kutoka hapo.